Nilivyoipata dola yangu ya fedha ya 1799 baada ya kuuziwa feki

Ya kwanza niliyonunua ilikuwa feki. Nililipa dola 180 kwa mtu niliyemkuta mtandaoni, picha nzuri, maelezo mazuri, ati ilikuwa ya babu yake ikakaa kwenye droo miaka hamsini, na mie nimetoka shifti ya usiku macho mazito nikabonyeza nikalipa. Ilipofika nikaishika mkononi, roho ikakataa palepale ila sikujua inakataa nini, nikaiweka kabatini wiki nzima nikijipa matumaini.

Nirudi nyuma kidogo ili mtu aelewe kwa nini nilikuwa naitafuta. Mie mtu wa Unguja, niko Maryland huku Marekani mwaka wa tisa sasa, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani. Bibi yangu mzaa mama ana reale mbili, sarafu kubwa za fedha za zamani, kwenye kijaluba chake, zile za Maria Theresa zenye sura ya huyo malkia wa Austria na mwaka 1780, na mwaka haubadiliki kwa sababu mwenyewe alikufa mwaka huo lakini watu waliendelea kuzigonga vilevile miaka na miaka. Bibi anaziita reale za Shamu kama walivyoziita wazee wote. Kila reale ilikuwa na jina lake pwani, ile ya Hispania yenye nguzo mbili waliiita reale ya mzinga, maana nguzo zile ukizitazama ni mizinga kweli, ya Ufaransa ikaitwa reale Fransa, na ile ya dhahabu ya Wamarekani ya dola 20 ikaitwa reale ya dhahabu. Nimekua nazichezea zile mbili kila Idi bibi anapofungua kijaluba, nazijua uzito wake na sauti yake, kwa hiyo mambo ya sarafu nilikuwa nayo damuni kabla sijajua kama kuna watu wanazikusanya.

Sasa kuna mzee mmoja niliyekuwa nakaa naye usiku, alikuwa na makatalogi ya minada ya sarafu tele, usingizi ukimpotea ananiambia nimfungulie anasoma. Usiku mmoja akaniuliza, wewe si ulisema unatoka Zanzibar, nikamwambia ndio, akasema basi sarafu maarufu kuliko zote za nchi hii ilitengenezwa kwa ajili ya Sultani wenu. Nikadhani amechanganyikiwa kidogo kwa usingizi. Akanifungulia ukurasa.

Ni dola yenye mwaka 1804. Na ukweli wake ni kwamba mwaka 1804 haikugongwa hata moja yenye tarehe hiyo! Ilikuwa hivi. Kuna mfanyabiashara wa New Hampshire anaitwa Edmund Roberts, huyu alifika Unguja miaka ya mwisho ya 1820 kufanya biashara akaonana na Sayyid Said bin Sultan mwenyewe, wakazungumza habari za mkataba. Serikali yake ikaja kumtuma rasmi kwa meli ya kivita Peacock, na tarehe 21 Septemba 1833 mkataba wa urafiki na biashara ukatiwa saini Muscat kule Omani, na mkataba ule ulihusu himaya yote ya Sayyid pamoja na Zanzibar, ushuru ukawekwa asilimia 5. Kwa safari ya pili ya kurudisha mkataba uliothibitishwa zikatakiwa zawadi za wafalme, na moja ya zawadi ikawa seti ya kila aina ya sarafu ya Marekani. Amri ikafika kiwanda cha sarafu Philadelphia mwishoni mwa 1834. Tabu ni kwamba dola ya fedha ilikuwa haigongwi tena miaka thelathini, ingawa kisheria bado ipo. Wakafungua madaftari wakaona dola za mwisho zimeandikwa 1804, wakatengeneza muhuri wa 1804, yaani chuma cha kugongea sarafu, wakagonga. Hawakujua kuwa dola zile 19,570 za kwenye daftari zilitumia mihuri ya miaka ya nyuma ambayo ilikuwa bado mizima, maana zamani chuma kilikuwa ghali hawatupi muhuri kwa sababu mwaka umeisha.

Roberts akazifikisha Muscat mwaka 1835, mwaka uliofuata akampelekea na mfalme wa Siam, Thailand ya leo, ya kwake, kisha akaugua akafa Macau mwezi Juni 1836 kabla hajazitoa za Japani na Cochin-China, yaani Vietnam, na seti hizo zikarudi Marekani. Mwaka 1837 ndio konseli wa kwanza wa Kimarekani, mwakilishi wa serikali yao, akaja Unguja, Richard Waters, mtu wa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts. Hao wa Salem ndio waliotuletea kitambaa cha merikani, jina lake lenyewe linakuambia, wakaondoka na pembe za ndovu na sandarusi.

Na hapa ndipo niliposisimka hasa. Mkusanyaji wa kwanza kabisa kuipata dola ya 1804 naye alikuwa mtu wa Salem, Matthew Stickney, aliiona imechorwa kwenye kitabu cha maofisa wa kiwanda cha mwaka 1842, akaenda Philadelphia Mei 1843 akabadilishana nao kwa sarafu adimu aliyokuwa nayo. Toka hapo watu wakapata wazimu, kila mkusanyaji tajiri anaitaka, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1850 kuna watu ndani ya kiwanda wakawa wanazigonga kwa siri na kuziuza. Moja waligongea juu ya sarafu ya Uswisi ya 1857, ukiikagua vizuri unaona alama za Uswisi chini yake, hiyo iko makumbusho ya Smithsonian pale Washington. Wanaohesabu wanazo 8 za kundi la kwanza, zile za wakati wa zawadi. Mwaka 1962 watafiti wa sarafu Eric Newman na Kenneth Bressett ndio waliokuja kuuweka wazi mchezo wote kwa ushahidi, kabla ya hapo watu walikuwa wanabishana miaka mia.

Ile inayoaminika kuwa ya Sayyid Said ilijitokeza Uingereza mwaka 1917 kwenye mnada, ikaja Marekani, ikapita mikono ya Virgil Brand wa Chicago, ikakaa kwa familia ya Childs, mwaka 1999 ikauzwa dola milioni 4.14 na Agosti 2021 ikauzwa tena milioni 7.68. Ndiyo nzuri kuliko zote. Nilikaa na ule ukurasa mpaka alfajiri. Kitu kilichopewa mfalme wetu, na skuli hakuna mtu aliyewahi kunitajia, mie nilisomeshwa habari za karafuu na mikataba ya watumwa tu.

Bila shaka ya 1804 siwezi kuigusa maisha yangu yote. Lakini nikajiambia nitapata dada yake, dola halisi za wakati ule zenye sura hiyohiyo, yule mwanamke wa nywele za utepe upande mmoja na tai mwenye ngao upande wa pili, zimegongwa kuanzia 1798 mpaka zilipokoma. Ndio nikaruka na ile ya dola 180.

Wiki ya pili nikaitoa kabatini nikaipima kwenye kimizani cha jikoni cha gramu. Gramu 21.8. Sheria ya Aprili 1792 ilisema dola iwe na nafaka 416, kipimo cha uzito cha zamani, hiyo ni kama gramu 26.96, na hata iliyochakaa sana haipungui gramu tano nzima. Kisha nikaangalia ukingo. Huu ukingo mtu aushike kichwani, ndio uliokuja kuniokoa baadaye: dola hizi kwenye uso wake hakuna mahali pameandikwa dola moja, thamani imeandikwa ukingoni tu, maneno HUNDRED CENTS ONE DOLLAR OR UNIT na vipambo katikati yake, yaligandamizwa na mashine kabla sarafu haijagongwa. Yangu ilikuwa na michirizi ya kawaida kama ya robo dola ya leo. Sumaku haikuvuta, kwa hiyo sumaku peke yake isikutulize moyo, feki nyingi zimetengenezwa kwa shaba na zinki na vitu kama hivyo. Muuzaji nilipomwandikia hakujibu, baada ya siku mbili hata akaunti yake haipo. Hela ikaenda, na ilikuwa hela ya kumtumia mama. Niliumia sana, sikumwambia mtu.

Kilichonisaidia ni kuacha kununua kwanza. Mwaka mzima sikununua kitu. Karibu na ninapokaa kuna klabu ya wakusanyaji wanakutana maktaba mara moja kwa mwezi, nikajikaza nikaenda, mtu mweusi peke yangu na hijabu yangu kati ya wazee wa Kizungu, nikaitoa ile feki nikawaambia nifundisheni. Wakanifurahia jamani! Mzee mmoja akanivutia kiti, akatoa dola zake nne za kweli akaniwekea mezani na lenzi, akasema tazama hizi kwanza mpaka uchoke ndio urudi kwenye yako. Nikatazama saa nzima. Kwenye za kweli maandishi yamekatika wima, kona zake zina makali hata kama pamechakaa, na chini yake fedha imelala laini, lakini yangu herufi zilikuwa za duaraduara kama zimeyeyuka kidogo na kuna vitundu vidogovidogo kama ngozi ya chungwa, kwa sababu imemiminwa kwenye kalibu, haikugongwa. Za kweli pia zina mikwaruzo ya tupa, hiyo usiiogope, ni wafanyakazi wa kiwanda walipima kila kipande kabla ya kugonga na kilichozidi uzito wakakikwangua.

Akanifundisha na kupima kwa maji. Unapima sarafu kavu, halafu unaining'iniza kwa uzi ndani ya glasi ya maji juu ya mizani isiguse chini, unachukua uzito mkavu unagawa kwa uzito wa maji iliyoyasukuma, yaani kile kilichoongezeka kwenye mizani. Fedha ya dola hizi ambayo imechanganywa na shaba kidogo inakupa 10.3 hivi. Feki yangu ilitoa 8.1. Kitu cha dakika tano, uzi na glasi.

Na huko klabu ndio nikaelewa kwa nini hizi dola ni chache wakati ziligongwa nyingi. Za mwanzo kabisa, za 1794, zilitoka 1,758 siku moja tu, tarehe 15 Oktoba, mashine yao ilikuwa ndogo kwa sarafu kubwa vile ndio maana nyingi upande mmoja hazikutoka vizuri. Moja ya hizo, nzuri kuliko zote, iliuzwa mwaka 2013 dola milioni 10 na kitu. Lakini za 1799 madaftari yanasema 423,515, si haba, sasa zimekwenda wapi? Zimekwenda nje. Dola ya Marekani ilikuwa nyepesi kidogo kuliko ya Hispania, ila visiwa vya Karibi zilikuwa zinapokelewa sawa kwa sawa, basi wafanyabiashara wakawa wanachukua dola mpya zinazong'aa wanapeleka kule wanabadilishana moja kwa moja na za Hispania nzito, wanarudi nazo, wanazipeleka kiwandani ziyeyushwe zigongwe dola mpya, na safari inaanza tena. Nyingine zikaenda Uchina zikayeyushwa huko. Kiwanda kikawa kinafanya kazi ya kuwatajirisha watu wachache na mtaani huoni dola hata moja, wakaacha kuzigonga 1804, na 1806 James Madison, waziri wa mambo ya nje wakati ule, akaandika rasmi zisigongwe. Hazikurudi mpaka 1836. Muda wote huo Wamarekani wenyewe walitumia dola za Hispania, zilikuwa halali kisheria mpaka 1857. Reale ya mzinga ileile! Fundi wa Philadelphia na mchukuzi wa Forodhani walilipwa sarafu moja.

Habari ya hela. Tuna upatu wetu hapa, wanawake kumi wa nyumbani, kila mwezi dola 100 kila mtu, zamu yangu ilikuwa ya saba. Nikasema zamu hii mama anapata nusu na nusu ni ya dola yangu, nikaongezea kidogo kidogo kwenye kibubu kila shifti ya wikendi. Kufika vuli nilikuwa na 750. Kwa hela hiyo 1799 nzima nzima isiyo na kasoro huipati, nilijaribu mnada mmoja nikajiwekea mwisho 600 ikapita mpaka 950 nikaiacha iende, na kuacha nako kunataka moyo. Yule mzee wa klabu akaniambia tafuta yenye jeraha. Yani yenye tundu lililozibwa, au iliyokwaruzwa, au iliyowahi kusuguliwa. Wakusanyaji wakubwa hawazitaki, bei yake inashuka sana, lakini ni sarafu ileile imetoka kiwanda kilekile. Mie nikakataa zilizosuguliwa, zina mng'ao mweupe wa sufuria unaoumiza macho, bora tundu. Mtu aliyeitoboa alikuwa anaipenda, aliivaa shingoni. Kwetu pia reale zimetobolewa sana kwa mikufu.

Nilikwenda maonyesho ya sarafu Baltimore na mzee wangu, meza mamia, na mie nilikuwa na mizani, lenzi na karatasi yenye picha mfukoni. Meza ya kwanza mwenyewe hakutaka nipime, nikashukuru nikapita. Huo ndio ushauri wangu mkubwa kwa mgeni, mtu akikukatalia kupima usibishane naye na usikae. Meza kama ya kumi na tano hivi kulikuwa na 1799, imechakaa uso wa mwanamke umekuwa kivuli, juu ya kichwa kuna tundu limezibwa kwa fedha vizuri, rangi yake kijivu cha majivu ya kuni. Mwenyewe akasema pima utakavyo. Gramu 26.3. Ukingo nikauzungusha polepole chini ya taa, HUNDRED, kipambo, CENTS, maneno yapo, mengine yamelika lakini yapo. Mikono ilinitetemeka. Mzee akachukua lenzi akalinganisha nafasi ya nyota na tarehe na zile picha, maana hizi dola nyota na tarehe zilipigwa kwa mkono kwenye kila muhuri, hakuna miwili iliyofanana sawasawa, na kuna watu waliziorodhesha zote, Haseltine wa Philadelphia tangu 1881, baadaye Bolender 1950, na siku hizi wengi wanatumia namba za Bowers na Borckardt, ndio ukiona kwenye lebo B na namba ujue ni ya Bolender, na BB ni ya Bowers na Borckardt. Yetu ikalingana na muhuri unaojulikana. Feki ya kumimina kwa kawaida inaiga sarafu moja na majeraha yake yote, kwa hiyo kulinganisha kunasaidia ila usiache mizani.

Aliomba 725, nikamtajia 640 taslimu, tukakutana 660. Nikamwomba aandike kwenye risiti kwamba ikithibitika si halali nairudisha napata hela yangu, akaandika bila neno. Nyumbani nikafanya kipimo cha maji, 10.28. Nikasema alhamdulillahi peke yangu jikoni saa sita usiku.

Kwa anayeanza simshauri afanye kama mie, anunue iliyokwisha kukaguliwa na kufungwa kwenye kasha la plastiki na kampuni kama PCGS au NGC, halafu aingize namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni aone picha inalingana, kwa sababu hata makasha yanaigwa. Mie niliitaka nje ya kasha kwa sababu ya bibi. Nilitaka aishike.

Nilikwenda nayo Unguja mwezi wa saba mwaka uliofuata, imefungwa kwenye kitambaa ndani ya mkoba wa begani, haikuachana na mwili wangu tangu Washington mpaka mtaa wetu wa Malindi. Bibi haoni vizuri tena jicho la kushoto. Nikamwambia bibi hii ni ndugu wa ile aliyopewa Sayyid Said, nikamsimulia yote, meli, Muscat, Philadelphia, akawa anaitikia enhe, enhe. Akafungua kijaluba akatoa reale moja ya Shamu. Akaiweka dola yangu juu ya ncha ya kidole cha shahada, akaigonga ukingoni na reale taratibu, akainamisha kichwa. Akarudia. Sauti ilitoka nyembamba ikakaa, ingawa ile ya kipande kilichozibwa inaikata kidogo.

"Fedha hii," akasema. "Nani aliitoboa?"

Nikamwambia sijui bibi. Akazipima mbili kwa viganja, moja huku moja huku, kama anapima samaki. "Yako nyepesi," akasema, "usije ukataka tubadilishane."

Nilimchekea mpaka machozi, kwa sababu yeye hakuwahi kusikia habari ya Karibi wala ya Madison. Jioni nikaziweka kwenye mizani kweli, ya kwake gramu 27.8. Akanipa kitambaa chekundu cha hariri nifungie ya kwangu, akasema kile nilichokuja nacho kitaichubua.